Taa Hafifu za Volkswagen ya Zamani

Wasomaji wetu, wazee kwa vijana, mnaijua ile motokari ndogo yenye mgongo wa mviringo, isiyotumia maji ya kupozea, ambayo injini yake imewekwa nyuma na mizigo yake mbele. Wajerumani waliiita Käfer, maana yake mbawakawa; nao wasemao Kifaransa wakaiita Coccinelle, jina la mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa. Ilianza kutengenezwa kwa wingi mjini Wolfsburg, Ujerumani, mwishoni mwa mwaka 1945. Ya mwisho kabisa ilitoka katika kiwanda cha Puebla, nchini Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, hali zimekwisha kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Nyingi zimekwisha kuwa chuma chakavu, lakini zipo nyingine ambazo wenyewe hawakubali kuzitupa, nasi hatuwalaumu. Injini yake hufunguliwa kwa spana chache, na fundi mwenye subira huifahamu yote.

Lakini wenye motokari hizi wana lalamiko moja wanalolirudia siku zote: taa za mbele. Jua likichwa, mwanga wake huwa wa manjano kama wa mshumaa, nayo barabara haionekani ila hatua chache mbele ya magurudumu. Basi mwenye gari huenda dukani akanunua globu mpya, zile ambazo mafundi wengi wa kwetu huziita ampuli. Azitiapo, mwanga ni ule ule. Hapo hukasirika, akanunua globu kali zaidi. Baada ya majuma machache harufu ya mpira unaoungua inatoka nyuma ya dashibodi. Mwishowe husema kwamba umeme wa motokari za kale ni mbovu tangu asili, na ya kuwa hakuna la kufanya.

Sivyo. Mara nyingi globu haina kosa lo lote. Kosa limo katika njia ambayo umeme unaipita kabla ya kuifikia globu, au katika njia unayorudia. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo, nalo si jambo dogo. Motokari inayokwenda kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde moja. Dereva akimwona mtu mbele yake, sekunde hiyo ya kwanza hupotea kabla mguu wake haujakanyaga breki. Tena ni nani walio kando ya barabara zetu usiku? Ni mama anayerudi sokoni na mzigo kichwani, ni kijana juu ya baiskeli isiyo na taa, ni wanafunzi watokao nyumbani kabla ya mapambazuko. Hao hawajui kitu juu ya nyaya za motokari inayokuja, nao ndio watakaoumia kwanza.

Kwanza tuifahamu betri. Volkswagen za zamani hutumia umeme wa volti 6. Zile zilizopelekwa Marekani zilipewa volti 12 tangu Agosti 1966, yaani katika aina ya mwaka 1967. Kwingineko badiliko hilo lilikuja baadaye kidogo, wala si kwa aina zote mara moja. Kama hamjui gari lenu ni la namna gani, inueni kiti cha nyuma na kuhesabu vifuniko vya kutilia maji juu ya betri. Vikiwa 3 ni ya volti 6, vikiwa 6 ni ya volti 12, kwa maana kila chumba cha betri hutoa volti 2.

Sasa tunawaomba wanafunzi watusaidie katika hesabu, kwa sababu hapa ndipo siri yote ilipo. Globu ya namna ya Kizungu ya magari hayo ina nyuzi mbili: wati 45 kwa mwanga wa mbali, na wati 40 kwa mwanga wa karibu. Globu mbili za wati 45 ni wati 90. Wati 90 zikigawanywa kwa volti 6, mkondo wa umeme ni ampea 15. Gari la volti 12 lenye globu za wati hizo hizo huhitaji ampea 7 na nusu tu. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm alitangaza kanuni inayofundishwa mpaka leo mashuleni: volti zinazopotea njiani ni mkondo mara kizuizi. Tuseme basi kwamba kutu na uchafu katika viungio vimefanya kizuizi cha sehemu moja ya kumi ya omu, kitu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Katika gari la volti 12 yatapotea robo tatu ya volti, yaani sehemu moja ya 16 ya nguvu yote ya betri. Katika gari la volti 6 itapotea karibu volti moja na nusu: robo nzima!

Tena kuna jambo jingine linalozidisha hasara. Uzi wa globu hutoa nuru kwa sababu umepashwa moto mpaka ukawa mweupe. Moto ukipungua kidogo, nuru hupungua sana. Kwa gari la volti 6, nusu volti ikipotea njiani, karibu robo ya nuru hupotea. Volti nzima ikipotea, karibu nusu ya nuru imekwenda. Kwa hiyo kutu ile ile ambayo gari la volti 12 halioni shida nayo humtia dereva wa volti 6 gizani. Si kwamba volti 6 hazitoshi. Wenye kulitunza gari lao vizuri husafiri nalo usiku bila hofu. Ila gari hilo halisamehi uchafu.

Basi tuifuate njia yenyewe. Wajerumani walikuwa na desturi njema ya kuandika namba penye viungio vya nyaya, na namba hizo hazikubadilika mwaka hata mwaka. Namba 30 ni umeme utokao katika betri moja kwa moja. Huo unakuja mbele kwa waya mrefu mwekundu mpaka kwenye swichi ya taa. Ukivutwa ufunguo wa taa, umeme hutoka kwa namba 56, ukaenda kwenye swichi ya kubadilisha mwanga. Katika magari ya awali swichi hii iko chini, upande wa kushoto wa klachi, nayo hukanyagwa kwa mguu, pamoja na tope lote la viatu. Katika ya baadaye mkono wa indiketa huiamrisha rilei kufanya kazi hiyo. Kutoka hapo njia inagawanyika: 56a, waya mweupe, kwa mwanga wa mbali, na 56b, waya wa manjano, kwa mwanga wa karibu. Nyaya hizo hupita katika fyuzi, ndipo zinapofika kwenye globu. Hesabuni vichwa vyote vya nyaya, skurubu zote na vibanio vyote katika safari hiyo: vinapita kumi. Na kila kimoja, baada ya miaka sitini ya mvua na mavumbi, kinaweza kuwa mnyang'anyi.

Lakini umeme ukiifikia globu haujamaliza safari. Sharti urudi kwenye betri. Njia ya kurudia, ambayo mafundi wetu huiita masi, huanza kwa waya wa kahawia nyuma ya taa, namba 31. Waya huo umefungwa kwa skurubu juu ya bodi, na bodi yenyewe ndiyo inayourudisha umeme hadi kwenye utepe mpana wa nyuzi za metali ulio kando ya betri. Watu wengi huangalia njia ya kwenda, wakaisahau ya kurudi. Nasi tumekwisha kuona kwamba katika gari lililopakwa rangi upya kosa huwa mara nyingi hapo: mpaka rangi alifanya kazi safi, akapaka hata pale pahali ambapo waya wa kahawia hufungwa, na rangi haipitishi umeme.

Alama ya kosa hilo haifichiki. Mkiwasha taa, na moja iwe hafifu hali ile taa ndogo ya kuegesha iliyo karibu nayo inawaka nusu nusu, au mkitia indiketa taa kubwa ikakonyeza pamoja nayo, basi umeme haukupata njia yake ya kurudia, unatafuta nyingine kwa kupitia globu za jirani. Fungueni skurubu ya waya wa kahawia, parueni bodi kwa msasa mpaka chuma king'ae, safisheni kichwa cha waya, fungeni tena kwa nguvu, kisha mpake grisi kidogo juu yake ili maji yasiingie. Mara nyingi kazi hii ya robo saa hurudisha nuru kuliko globu mpya.

Alama nyingine nazo zina maana yake. Taa zote mbili zikiwa hafifu sawasawa, kosa liko katika njia wanayoshirikiana: betri, swichi ya taa, swichi ya kubadilisha, au utepe ule wa masi. Ikiwa hafifu moja tu, tafuteni upande wake peke yake. Mwanga wa karibu ukikosekana pande zote mbili na wa mbali upo, mshukuni swichi ya kubadilisha kabla ya kununua cho chote. Taa zikizimika na kuwaka katika mashimo ya barabara, kuna waya uliolegea, au waya ambao mpira wake umeliwa mahali unapopenya tundu la bodi kwa sababu ile pete ya mpira imeoza. Huu wa mwisho msiuache hata siku moja, kwani waya mtupu ukigusa bodi pahali pasipo na fyuzi, moto hautangoja mfike nyumbani.

Mtu asiyetaka kubahatisha atumie kipimo cha volti, ambacho siku hizi hupatikana kwa bei ndogo katika masoko ya miji mingi. Lakini ajue namna ya kukitumia. Wengi huchomoa waya kwenye globu, hupima ncha yake, huona volti 6 kamili, husema: "Waya ni mzima." Hawakupima kitu! Umeme usipotembea, haupotezi nguvu njiani, hata kizuizi kiwe kikubwa namna gani. Lazima taa iwe inawaka wakati wa kupima. Taa ikiwaka, weka ncha moja ya kipimo kwenye nguzo ya kujumlisha ya betri (waya mrefu wa nyongeza utahitajika), na ncha ya pili kwenye kichwa cha globu. Kipimo hakionyeshi sasa nguvu ya betri, bali zile volti zilizopotea njiani. Zikiwa chini ya nusu volti, afadhali. Zikizidi, rudi nyuma hatua kwa hatua: penye fyuzi upande wa kutokea, penye fyuzi upande wa kuingilia, penye swichi namba 56, penye namba 30. Pale tarakimu inaposhuka kwa ghafula, umempita mnyang'anyi. Kisha pima njia ya kurudi vivyo hivyo, kutoka kwenye ganda la globu mpaka nguzo ya kutoa.

Kabla ya kufungua kiungio, ondoeni kwanza waya wa kutoa wa betri. Vichwa vya nyaya visafishwe kwa brashi ya waya. Kama shaba imekuwa nyeusi ndani ya mpira wake, kata mpaka uione shaba nyekundu, utie kichwa kipya. Fyuzi za magari hayo ni vijiti vidogo vya kigae vyenye ukanda mwembamba wa metali ulio wazi. Mara nyingi kuzizungusha kwa kidole mahali pake hutosha kuondoa ukungu wa kutu.

Juu ya fyuzi tuna neno la kusema, nalo ni zito. Katika Volkswagen nyingi kila mwanga una fyuzi yake: mbali kushoto, mbali kulia, karibu kushoto, karibu kulia. Ni mpango wa busara, kwa maana ikiungua moja dereva habaki gizani kabisa. Nyeupe ni za ampea 8, nyekundu za ampea 16. Fyuzi ikiungua, watu hufanya nini? Hutwaa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, wakaiviringisha. Au hutwaa kipande cha waya mnene, au msumari. Taa inawaka, wote wanafurahi. Lakini fyuzi iliwekwa ili iwe kitu dhaifu kuliko vyote katika njia ile, ife kwanza, wengine wapone. Ukiweka msumari, kitu dhaifu kuliko vyote sasa ni waya ulio nyuma ya dashibodi, karibu na tangi la petroli ambalo katika gari hili liko mbele, mbele ya magoti ya abiria. Fyuzi inayoungua mara mbili haitaki kuimarishwa. Inatangaza kwamba mahali fulani waya unagusa bodi, nayo imefanya kazi yake.

Na tukiwa katika habari za moto, inueni tena kiti cha nyuma. Betri iko pale, chini ya abiria. Kiti kina springi za chuma na kujazwa kwa nyuzi kavu kama za nazi au singa. Kiwandani betri ilipewa kifuniko. Mara nyingi kifuniko kimepotea zamani sana. Mtu mnene akiketi, au watoto wanne wakirukaruka, springi hushuka zikagusa nguzo zote mbili za betri, au nguzo ya kujumlisha na bodi. Chuma huwa chekundu kwa nukta chache, nazo nyuzi kavu hushika moto chini ya watoto wenyewe. Wenye Volkswagen ulimwenguni kote wanaijua hatari hii. Kama kifuniko hakipo, tieni kipande cha mpira mnene kinachofunika betri yote, kifungwe kisihame. Hii ndiyo kazi ya kwanza tungalimwambia mtu aliyenunua gari hili leo, hata kabla ya taa.

Tuiseme kidogo dinamo pia. Si kama vyombo vya siku hizi: injini ikinguruma polepole, dinamo haitoi umeme wa kutosha, na taa hulishwa na betri peke yake. Kwa hiyo taa kufifia gari linaposimama na kuchangamka linapokwenda ni jambo la kawaida kwa kiasi fulani. Kama hazichangamki kamwe, pimeni betri injini ikienda kwa kasi ya kadiri: kwa volti 6 kipimo kionyeshe karibu volti 7, kwa volti 12 karibu 14. Kama sivyo, mpelekeeni fundi dinamo na kirekebishi chake. Na ile taa nyekundu ya dashibodi ikiwaka njiani hali gari linakwenda, simameni mara moja. Labda ni mkanda uliokatika. Nao mkanda huo huo ndio unaozungusha feni inayopoza injini. Mtakaosema "tutafika tu" mtafika bila injini.

Globu kali je? Globu mbili za wati 100 katika gari la volti 12 hudai karibu ampea 17, na swichi ya kale haikufanywa kwa mzigo huo. Anayetaka nuru zaidi atie rilei mbili karibu na taa, zenye fyuzi zake na waya mnene utokao kwenye betri. Swichi ya zamani itabaki kutoa amri tu, haitabeba mzigo. Hata kwa globu za kawaida kazi hii ina faida kubwa, hasa kwa volti 6. Zipo pia globu za siku hizi za LED, zitumiazo umeme mdogo. Lakini kioo cha ndani cha taa kilichongwa kwa ajili ya uzi mmoja uliokaa pahali pamoja, na zile ambazo chembe zake za nuru hazikukaa pahali pale humwaga mwanga ovyo, machoni pa wanaokuja.

Mambo yote yakiwa sawa, taa zielekezwe. Siku moja jioni simamisheni gari pahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, tairi zote zikiwa na upepo sawa, na mtu ameketi mahali pa dereva. Ukingo wa juu wa mwanga wa karibu uwe chini ya usawa wa kitovu cha taa kwa sentimeta 5. Skurubu mbili katika duara la taa hulielekeza.

Hapo ukutani angalieni jambo moja zaidi, hasa ninyi mnaonunua magari yaliyotoka ng'ambo ya mipaka ya mashariki. Katika Kongo, Rwanda na Burundi tunapita kulia. Katika Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia hupita kushoto. Taa nyingi za Kizungu zimefanywa ili mwanga wa karibu upande juu kidogo upande wa ukingo wa barabara, wamulikwe waendao kwa miguu. Ukiona ukutani unapanda kuelekea kushoto, taa hizo ni za nchi wapitao kushoto, na hapa kwetu zitampiga machoni kila anayekuja mbele yenu. Skurubu za kuelekeza hazitaponya hilo. Sharti mbadilishe taa zenyewe.